Mtoto Aliyenyamazishwa: Majeraha ya Utotoni na Amani ya Nyumba Zetu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Kyela



1. Utangulizi

Katika semina zetu za Haki na Amani tumezoea kuzungumza juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, uchaguzi na rushwa. Hayo yote ni muhimu, wala hatuyaachi. Lakini leo tumeonelea tuingie ndani zaidi ya nyumba, mahali ambapo hakuna mkutano wa hadhara wala kura, tuzungumze juu ya mtoto anayeumizwa na kisha kunyamazishwa. Tunataka kuonyesha kwamba jeraha la utotoni halifi pamoja na utoto. Mara nyingi hukua pamoja na mtoto, na anapokuwa mtu mzima huonekana kwa sura nyingine, ambayo sisi kwa haraka huiita tabia mbaya, mapepo au kurogwa.

Madaktari wa magonjwa ya akili wanalo jina la moja ya sura hizo. Wanaiita ugonjwa wa haiba ya mpakani. Jina hili ni geni masikioni mwetu, lakini watu wenye hali hiyo si wageni. Wako katika jumuiya zetu, na pengine wengine wamo katika ukumbi huu.

2. Habari ya binti mmoja

Tuanze na habari ya binti mmoja. Jina lake hatulitaji, na mambo yake tumeyachanganya na ya wengine ili asitambulike.

Alizaliwa katika kijiji cha mwambao wetu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akachukuliwa na ndugu wa baba. Alipotimiza miaka tisa, mwanamume mmoja wa nyumba hiyo, aliyeaminiwa na wote, alianza kumwingilia. Mtoto alimweleza shangazi yake, naye akachapwa kwa kosa la kuchafua jina la ukoo. Baadaye jambo lilipojulikana, wazee waliketi, mwanamume akatozwa faini, na faini ikapokewa na mlezi. Mtoto akaambiwa amsalimie mkosaji na kusahau. Tangu siku ile waliendelea kula chakula cha jioni katika nyumba moja.

Binti alipokua, alipenda kwa ghafla na kuchukia kwa ghafla. Leo rafiki yake alikuwa malaika, kesho alikuwa adui. Mtu akichelewa kumjibu, aliona ameachwa kabisa. Alijikata mikononi. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba maumivu ya mkono yalikuwa nafuu kuliko ya moyo. Alifukuzwa katika kwaya kwa ugomvi. Aliombewa, akapelekwa kwa waganga, na mara mbili alijaribu kuutoa uhai wake. Katika miaka yote hiyo, wengi walimuuliza kwa nini anawasumbua watu. Hakuna aliyemuuliza ni nani aliyemsumbua yeye.

3. Ugonjwa huu ni upi?

Jina la mpakani lilianza kutumika mwaka 1938, wakati daktari Adolf Stern wa New York alipowaeleza wagonjwa ambao hali yao haikuingia katika makundi ya magonjwa yaliyojulikana wakati ule. Walionekana wamesimama mpakani. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika orodha yao.

Sisi wa Kyela tunaelewa habari za mpaka. Mto Songwe, unaotutenga na ndugu zetu wa Malawi, huhama njia yake wakati wa mafuriko. Mtu hulala shamba lake likiwa ng'ambo hii, na baada ya maji kupungua hulikuta ng'ambo ya pili. Ndivyo alivyo ndani ya nafsi yake mtu mwenye ugonjwa huu. Mpaka kati ya upendo na chuki, kati ya tumaini na kukata tamaa, hata kati yake na mwenzake, huhama kila mafuriko ya moyo yanapokuja.

Madaktari wametaja dalili tisa, na husema mtu ana ugonjwa huu iwapo anazo angalau tano, kwa muda mrefu na katika mazingira mbalimbali. Dalili hizo ni hofu kubwa ya kuachwa, mahusiano yanayogeuka kutoka kusifu kupita kiasi hadi kudharau, kutojijua yeye ni nani, kutenda kwa pupa mambo ya kumdhuru, kama vile ulevi au matumizi mabaya ya fedha, kujiumiza au kujaribu kujiua, moyo kubadilika mara kwa mara ndani ya saa au siku chache, kujisikia mtupu, hasira kali isiyotulia, na, wakati wa shida kubwa, kudhani watu wanamwinda au kujiona kana kwamba hayupo.

Tunawasihi msiondoke hapa mkianza kuwabandika watu jina hili. Kupima ni kazi ya mganga aliyesomea. Karibu kila mmoja wetu anazo dalili mbili au tatu siku za matatizo.

4. Jeraha linavyoingia

Je, ugonjwa huu unahusianaje na utoto? Mwaka 1989 madaktari Judith Herman, Christopher Perry na Bessel van der Kolk walichapisha uchunguzi wao uliofanyika Marekani. Kati ya wagonjwa wa haiba ya mpakani waliowahoji, asilimia 81 walieleza kwamba utotoni waliumizwa vibaya: walipigwa, waliingiliwa kimwili, au walishuhudia ukatili nyumbani. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu wachache. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Manchester, Uingereza, walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 97, wakaona kwamba asilimia 71 hivi ya wagonjwa hao waliripoti angalau tukio moja la namna hiyo, na kwamba uwezekano wao wa kueleza mateso ya utotoni ulikuwa karibu mara 14 ya ule wa watu wasio wagonjwa. Yafaa tukumbuke kwamba katika mateso hayo imo pia dharau ya kila siku, na kuachwa bila matunzo.

Jinsi jambo hili linavyotokea inaeleweka. Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na mlinzi wa ndani. Hatari ikija, moyo hudunda, damu hukimbia, na mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mlinzi hutulia. Lakini mtoto anayeishi na hatari nyumba moja hapati saa ya kutulia. Mlinzi wake huzoea kukesha. Hata baada ya miaka ishirini, neno dogo au mlango uliofungwa kwa kishindo humwamsha kana kwamba adui amerudi. Sisi tunaona mtu anayekasirika bila sababu. Mwili wake unaona sababu ya zamani.

Mtoto hujifunza kutulia kwa kutulizwa. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazijua ishara zake na kuzijibu hupata ujasiri wa kutambaa mbali na kuchunguza dunia, kwa kuwa anajua pa kurudi. Asiye na uhakika wa pa kurudi hulia hata akiwa amebebwa. Sasa tufikiri: itakuwaje kwa mtoto ambaye mahali pa kukimbilia ndipo penye hatari?

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Si kila aliyeumizwa utotoni hupata ugonjwa huu. Walio wengi hawapati. Wala si kila mgonjwa aliumizwa. Wako wanaozaliwa na moyo mwepesi kuguswa kuliko wengine, na asili hiyo hurithiwa kwa sehemu. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto mgonjwa asihukumiwe hapo hapo kuwa mkatili.

5. Jeraha la pili: kutosadikiwa

Hapa ndipo tunapotaka mkae zaidi. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewatibu wagonjwa hao kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliteswa na ugonjwa wa akili katika ujana wake, anafundisha kwamba hali hii hukua mahali ambapo moyo mwepesi kuguswa unakutana na mazingira yanayoukana. Mtoto anasema anaumwa, anaambiwa haumwi. Anasema anaogopa, anaambiwa anajidekeza. Anasema ametendewa ubaya, anaambiwa ni mwongo. Mwishowe hajui tena kama anachokihisi ni kweli. Hapo hujifunza kwamba sauti ya kawaida haisikiwi, na kwamba ni kelele au damu tu inayowafanya watu wageuke kumtazama.

Rudini sasa kwa binti yetu. Jeraha la kwanza alilipata kwa mwanamume yule. La pili alilipata kwa shangazi, kwa mlezi na kwa wazee walioketi. Yule wa kwanza alikuwa mtu mmoja. Hawa wa pili walikuwa jamii nzima. Kwa kupokea faini ile walimwambia mtoto, bila kutamka, kwamba mwili wake una bei, na kwamba bei hiyo si yake.

Tunajua sababu zinazotolewa. Tunasema twalinda umoja wa ukoo, kwamba kesi itamfunga anayelisha nyumba, au kwamba msichana hataolewa. Lakini amani inayonunuliwa kwa kimya cha mtoto si amani. Ni vita iliyohamishwa kutoka barazani na kupelekwa ndani ya kifua cha mtu mmoja, ambako ataipigana peke yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa namna yao. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Monica aliandika kwamba wazee waliamini hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa katika jamaa, na kwamba ni lazima isemwe waziwazi mbele ya ndugu ndipo mapatano yawe ya kweli. Leo tunauliza: katika baraza zetu, je, mtoto naye anayo nafasi ya kusema kilichomo moyoni?

6. Hali ya nchi yetu na mwambao wetu

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2011. Kwa Tanzania Bara ilionekana kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha. Wengi wa waliotenda hayo hawakuwa majambazi wa njiani. Walikuwa watu ambao mtoto aliwajua.

Tukitazama huku kwetu, tunaona mambo yanayoongeza hatari. Zamani mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kumi hivi aliondoka kwa baba, akajenga kibanda pamoja na rika lake katika kijiji chao wenyewe, lakini aliendelea kula kwa mama yake na kwa mama wa wenzake. Hatusemi ya kale yote yalikuwa mema, maana wasichana waliposwa wangali wadogo mno. Tunasema tu kwamba mtoto alikuwa na macho mengi yaliyomwona kila siku. Kisha akina baba wengi walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Rhodesia na Afrika Kusini, na watoto wakamjua baba kwa barua.

Baadaye ukaja UKIMWI. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 hadi 2004 uliuonyesha mkoa wetu wa Mbeya kuwa na maambukizi makubwa kuliko mikoa yote ya Bara, zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima. Watoto wengi walizika wazazi, wakagawanywa kwa ndugu: mmoja Ipinda, mwingine Tukuyu, mwingine Mbeya mjini. Bibi waliolea wajukuu sita au saba walifanya kazi ya utakatifu, nasi tunawaheshimu. Lakini watoto wale walioliliwa haraka na kusahauliwa haraka, leo ni watu wazima. Ndio wazazi wa watoto walio katika mafundisho yetu ya Komunyo ya Kwanza. Tusipowasikiliza, watalea kama walivyolelewa.

Hata leo wapo watoto wanaokesha kwenye mialo ya wavuvi, wanaoshinda mashambani kuwinga ndege wa mpunga msimu mzima, wanaopelekwa mjini kuwa wasichana wa kazi. Mbali na macho ya mlezi mwema, kila mtoto wa namna hiyo yuko mpakani.

7. Je, kuna kupona?

Ndiyo, kuna kupona, na jambo hili tunaomba litangazwe. Kwa muda mrefu hata madaktari waliwakatia tamaa wagonjwa hawa. Lakini Mary Zanarini na wenzake wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 290 kuanzia mwaka 1992. Baada ya miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata nafuu ya dalili iliyodumu angalau miaka miwili. Walio pungufu zaidi ni wale waliopona kiasi cha kufanya kazi na kuishi vema na watu, karibu nusu. Kwa hiyo kutulia kwa dalili ni mwanzo tu, na mtu bado anahitaji kazi, marafiki na heshima.

Matibabu makubwa ni ya mazungumzo. Njia aliyoianzisha Linehan hufundisha mambo manne: kuitambua hali ya sasa bila kuihukumu, kustahimili dhiki bila kujidhuru, kuituliza mihemko, na kuomba au kukataa bila kuvunja uhusiano. Hakuna dawa iliyo maalumu kwa ugonjwa huu, ingawa dawa husaidia matatizo yanayoambatana nao, kama sonona na kukosa usingizi.

Tunajua wataalamu ni wachache na Mbeya ni mbali. Lakini tusikunje mikono. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa kawaida kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye sonona na wasiwasi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walionufaika ni wengi. Hawatibu ugonjwa wa haiba ya mpakani, lakini wametufundisha kwamba sikio la mama mzee aliyefunzwa ni tiba. Binti tuliyemtaja alianza kupata nafuu pale muuguzi mmoja alipomfunga kidonda bila kumkaripia, akamwambia arudi wiki iliyofuata, naye aliporudi akamkuta anamngoja.

8. Wajibu wetu

Kwanza, mtoto akisema, tumsadiki. Tusimhoji kama hakimu wala kumwita mbele ya wanaume kumi. Tumwambie kwamba amefanya vema kusema, na kwamba kosa si lake.

Pili, tusiyamalize nyumbani. Kumbaka mtoto ni jinai. Kwa sheria ya mwaka 1998 adhabu yake si chini ya miaka 30 jela, na kifungo cha maisha iwapo mtoto ana umri chini ya miaka 10. Ukoo, jumuiya na hata parokia havina mamlaka ya kulisamehe kosa hilo kwa fedha au ng'ombe. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Habari zifikishwe kwa mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya 116 hupigwa bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika kila mwanajamii mwenye habari wajibu wa kutoa taarifa; haikusema ndugu peke yake.

Tatu, tuanze na sisi wenyewe. Mtuhumiwa akiwa katekista, mwalimu wa kwaya au padre, kanuni ni ile ile. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Waumini wanayo haki ya kuuliza njia hiyo iko wapi.

Nne, tupunguze fimbo na matusi. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Kurudi mtoto si kumvunja.

Tano, yule mtu mzima msumbufu tusimtenge. Tumwekee mipaka kwa upole na kwa uthabiti: tusimwahidi yale tusiyoyaweza, lakini tulichoahidi tukitimize. Akisema anataka kufa, tusidhani anatafuta kutazamwa. Tusimwache peke yake, tumpeleke hospitali. Sala tuendelee nayo, lakini isiwe kisingizio cha kumnyima matibabu.

9. Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

a) Katika jumuiya yetu, mtoto akitendewa ubaya na ndugu wa nyumbani, anaweza kumwendea nani? Je, mtoto mwenyewe anamjua mtu huyo?

b) Ni mashauri gani ya watoto tuliyowahi kuyamaliza kifamilia? Nani alifaidika na mapatano yale?

c) Yuko nani tuliyemfukuza katika chama au kwaya kwa tabia yake? Tunaweza kuanza vipi kumsikiliza?

d) Tuchague watu wawili, mama na baba, waaminifu na wenye kutunza siri, wa kupokea habari za watoto. Wajifunze wapi?

10. Hitimisho

Ndugu wapendwa, binti yetu bado yu hai. Hajapona kabisa. Zipo siku ambazo mto wake hufurika. Lakini anafanya kazi, na anao watu watatu anaoweza kuwaendea usiku. Alipoulizwa ni nini angetaka tuwaambie viongozi, alijibu kwamba hakutaka kulipizwa kisasi. Alitaka tu, siku ile alipokuwa na miaka tisa, mtu mmoja aseme, "Ninakusadiki."

Neno hilo halihitaji fedha wala daktari. Tunaweza kulisema leo jioni, tukirudi nyumbani.